Tuliingia Kutundika Mapazia, Tukatoka na Bibi

Kama wiki iliyopita hukunisoma, vuta kiti, hujachelewa sana. Mimi ni yule niliyekwenda ughaibuni kulea mtoto mmoja, nikajikuta nasafisha nyumba ya madamu, nyumba ya dada yake na duka la shemeji yake, halafu jioni ndipo namlea huyo mtoto. Uliniacha nimetoka kwa madamu na ndala zisizofanana miguuni. Pasipoti yangu ilibaki kabatini kwake, na yeye alikwisha kupeleka habari polisi kwamba nimetoroka.

Nikaangukia mikononi mwa Mama Pazia.

Mama Pazia naye alikuwa mfanyakazi wa ndani zamani, mgeni kama mimi, ila wa nchi nyingine kabisa. Alipotoka kwa bosi wake alijifunza kushona mapazia, akafungua karakana, akaolewa na fundi wake wa kutoboa kuta. Dada yeyote wa kazi aliyefukuzwa, aliyekimbia au aliyechoka tu, mlango wake ulikuwa wazi. Siku ya kwanza unapewa chai na godoro. Siku ya pili unapewa sindano.

Mimi sindano ilinikataa. Nilishona pazia la mteja pamoja na mkono wa blauzi yangu, na niliposimama kwenda kunywa maji nikaondoka nalo. Wenzangu walicheka hadi mashine zikasimama. Mama Pazia akafumua bila kununa, akasema, "Wewe utakwenda kupima madirisha na mume wangu."

Pale karakana waliniita Honi. Sijui kunong'ona, na sina la kujitetea. Nikimwambia mtu siri sikioni, mtu wa mtaa wa pili anaitikia.

Mumewe, Baba Pazia, alikuwa kinyume changu. Katika ndoa yao yote inasemekana alishasema "ndiyo", "sawa" na "pole pole". Gari lake aliliendesha kama anapeleka mayai yasiyo na trei.

Basi asubuhi hiyo tukatumwa kwenye nyumba moja ya ghorofa, yenye ukuta mrefu na vigae vya chupa juu yake. Madamu wa nyumba alitufungulia geti mwenyewe, akatuingiza, akalifunga tena, akaweka ufunguo mfukoni. Nilimwona, nikakumbuka kwa yule madamu wangu niliyemkimbia. Nikajiambia, Honi, umekuja kupima.

"Nataka rangi ya maziwa yaliyotiwa chai," akasema Madamu, akajitupa kwenye kochi na simu yake. "Ila isiwe rangi ya chai."

"Sawa," akasema Baba Pazia, akatoka kufuata ngazi.

Nikabaki na futi kamba, na futi kamba ina ncha mbili. Madamu akaita jikoni, akaja binti mwembamba, kajifunga kitambaa kichwani, kavaa mikono mirefu na joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa. Akashika ncha yake. Mimi nikavuta yangu, futi ikamponyoka na kumchapa mkononi.

"Mama yangu, leo nimekoma," akasema kwa sauti ya chini.

Kwa Kiswahili.

Nusura nianguke dirishani. Tangu nifike nchi ile, Kiswahili nilikuwa nakisikia kwenye simu na ndotoni tu. Lugha yao nilikuwa naielewa vizuri sasa, lakini nilikuwa nimefundishwa na jikoni: leta, ondoa, safisha, haraka.

"Usigeuke," nikamwambia, macho yangu kwenye fremu, sauti ya mtu anayesoma vipimo. "Nijibu kama unanisomea namba. Wewe ni wa kwetu?"

Akakaza ncha yake. "Wa kwetu."

"Upana," nikatamka kwa lugha ya Madamu, kwa ajili yake. Halafu kwa yetu, "Unakula?"

"Wakibakiza."

"Urefu. Unalala wapi?"

"Stoo. Mimi na mifagio."

"Unatoka nje?"

"Natoka kumwaga taka. Anasimama dirishani ananiangalia mpaka nirudi."

"Simu unayo?"

"Amenitunzia. Tangu nifike anaitunza."

Madamu akainua uso. "Mbona dirisha moja linachukua muda wote huo?"

"Madamu, dirisha hili lina mambo mengi," nikamjibu. Na wallahi sikudanganya.

Tukahamia dirisha la pili. Nilipoinua mkono wake ili futi inyooke, akauma meno.

"Mkono una nini?"

"Mafuta ya kukaangia." Alijibu kabla sijamaliza kuuliza.

"Ulikwenda hospitali?"

"Alinipaka dawa ya meno."

Nikainusa hapo hapo, dawa ya meno na chini yake harufu nyingine, ya kidonda kilichokwisha kuchacha. Nikawa sina tena swali la kuuliza kwa sauti ya vipimo.

Ndipo ikasikika fimbo ikigonga mlango ndani, ko, ko, ko.

"Nani huyo?"

"Bibi. Mama mkwe wake. Anamfungia chumbani, anasema Bibi anasahau."

"Anasahau kweli?"

"Saa ya dawa zake ananikumbusha yeye mimi."

Madamu alisikia fimbo naye. "Huyo msimjali," akatuambia. "Ana maradhi ya kusahau."

"Nimesahau nini?" ikauliza sauti nyuma ya mlango.

Madamu akainamia simu yake. Mimi nikajifanya nahesabu pete za pazia.

Chumba cha Bibi nacho kilitaka kupimwa, kwa hiyo kikafunguliwa. Tukamkuta mwanamke mkongwe, mdogo wa umbo, kakaa kitandani na fimbo mbili ubavuni. Nikamwamkia. Akanitazama juu hadi chini, akamtazama binti, akaona jinsi binti alivyosimama karibu nami kuliko inavyostahili mtu aliyeshika futi.

"Bibi, pazia lako liwe rangi gani?" nikamuuliza.

"Mimi sitaki pazia," akasema. "Nataka dirisha lifunguliwe."

Tulirudi karakana nikiwa nazungumza toka tulipoingia garini, na Baba Pazia akiendesha pole pole, kwa hiyo hadithi ilimwingia yote. Nilipofika nikaomba nyundo.

"Ya nini?" akauliza Mama Pazia. Alikuwa anakata kitambaa, hakuinua macho.

"Ya geti."

"Kaa chini."

"Mama, yule binti mkono wake unaoza."

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia. Kaa chini." Akaweka mkasi. "Hapa hatuibi watu, Honi. Mtu aliyeibwa hurudishwa. Mtu aliyetoka kwa miguu yake, huyo ametoka."

Akampigia simu mwanasheria wetu. Nasema wetu kwa sababu alikuwa akihangaika nasi bila kutudai chochote, dada mmoja mwenye sauti ndogo ambaye waajiri wa mji ule walikuwa wakisikia jina lake wanakohoa. Alisema maneno machache. Binti aulizwe kama anataka kutoka. Akitaka, apelekwe hospitali kwanza, daktari auone mkono kabla ya mtu mwingine yeyote, halafu yeye mwenyewe atakuja.

"Na wewe safari hii hukanyagi kule," Mama Pazia akaniambia. "Unatafutwa. Wakikushika, karatasi zako ziko kwenye kabati la watu."

"Nani atazungumza naye Kiswahili?"

Mama Pazia akafikiri. "Mume wangu atamwonyesha kwa ishara."

Karakana nzima ikamgeukia Baba Pazia. Alikuwa anachanganya sukari kwenye chai, na kuchanganya kwenyewe alikuwa hajamaliza.

"Honi aende," akasema.

Maneno mawili. Mama Pazia alishtuka kama aliyesikia ngazi ikiongea, na hilo ndilo lililonipa ruhusa.

Mapazia yale hayakushonwa, yalikimbizwa. Mashine zililia mfululizo, mmoja anakata, mwingine anapiga pasi, mwingine anatia pete. Na huku wanashona wanabishana binti avalishwe nini akitoka. Mmoja alileta khanga, mwingine viatu.

"Miguu yake mikubwa au midogo?" wakaniuliza.

"Sikupima miguu, nilipima madirisha."

"Sasa wewe ulikwenda kufanya nini?"

Tukabeba viatu vya kila namna, vikajaa mfuko.

Siku ya kutundika, Madamu alitupokea amevaa kutoka. Aliyatazama mapazia, akayashika, akasema rangi ndiyo yenyewe. Binti alikuwa anadeki sebuleni, hakutuinulia uso.

"Mimi nakwenda kutengenezwa kucha," akasema Madamu. "Nikirudi nitawafungulia."

Geti likafungwa kwa nje. Gari likaondoka.

Nilisubiri ngurumo ipotee, nikamwendea binti na kumshika bega. "Mdogo wangu, weka dekio chini. Sisi ni watu wa Mama Pazia. Kuna hospitali, kuna mwanasheria, kuna mahali pa kulala pasipo na mifagio. Unataka kutoka?"

Akalia kwanza. Halafu akasema, "Nataka."

"Haya, twende."

"Geti limefungwa, dada."

Nakwambia ukweli, msomaji: katika kupanga kote kule, katika kubishana khanga na viatu, hakuna aliyekuwa amefikiria geti. Wote tulijua kwamba Madamu hufunga, na hakuna aliyejiuliza tutapitaje. Nikautazama ukuta na chupa zake. Nikaitazama ngazi. Baba Pazia naye akaitazama ngazi, akanitazama mimi na wingi wangu.

"Hapana," akasema.

"Na hata lingekuwa wazi," binti akasema, anajifuta machozi kwa mkono mzima, "nikiondoka mimi, Bibi atabaki na nani?"

"Bibi ana mwanawe."

"Mwanawe yuko safarini. Akipiga simu anaambiwa mama kalala. Mimi ndiye namwogesha. Mimi ndiye namkatia nyama ndogo ndogo. Mimi nikimwacha humu, dada, hata nikilala kwenye godoro la pamba sitapata usingizi."

Sasa hapo nifanye nini? Nilikuwa nimekuja kumtoa mtu mmoja mwembamba, naye ananitajia kikongwe mwenye fimbo mbili. Nikaenda kwenye mlango wa Bibi nikiwa nimejiandaa kumbembeleza, nimwambie atuvumilie, tutamrudia. Ufunguo ulikuwa umechomekwa kwa nje. Nikauzungusha.

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Amevaa kofia yenye ua la kitambaa, gauni la kutokea na viatu vilivyofungwa kamba. Mkoba ulikuwa mapajani.

"Mmechelewa," akasema. "Nimevaa tangu niliposikia ile mashine ya kutoboa."

"Bibi, tunakwenda hospitali, hatuendi harusini."

"Hospitali kuna watu?"

"Wengi tu."

"Basi panatosha."

Nikamweleza habari ya geti, kwa lugha yangu ya leta na ondoa. Alinisikiliza kwa subira, kisha akaingiza mkono kifuani, akavuta uzi shingoni. Ufunguo ukatoka.

Nikaugusa nione kama ni wa kweli.

"Nyumba ni yangu," akasema Bibi. "Marehemu alijenga, mimi nilibeba maji ya kukorogea saruji. Utakosaje ufunguo wa geti ulilolimwagia maji?"

"Umekuwa nao siku zote?"

"Siku zote. Mlango wa chumba hiki ndio ulinishinda, lakini huyu mjukuu wangu alikuwa akinifungulia kila huyo mwingine akitoka." Alimnyooshea binti kidevu. "Tungeweza kwenda. Lakini kikongwe mwenye magongo na binti asiyejua barabara, tungekwenda kumwangukia nani? Na nikimpa huyu ufunguo aondoke, mimi huku nani ataniita Bibi? Nikanyamaza nao. Mnisamehe."

Nikamtafsiria binti. Akakaa pale pale sakafuni, miguuni kwa Bibi, akacheka na kulia kwa pamoja. Kumbe mmoja alibaki kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake naye akabaki kwa ajili yake, na ufunguo unaning'inia katikati yao siku nenda siku rudi.

"Twendeni," nikasema. "Madamu hana vidole mia."

Sote tukaenda mlangoni, isipokuwa Baba Pazia. Yeye alikuwa juu ya ngazi sebuleni.

"Baba, tunaondoka."

Akaonyesha pazia la mwisho. Lilikuwa limeshikiliwa upande mmoja, upande mwingine umelala chini kama shuka la mgonjwa.

"Kazi ya watu," akasema.

Tulimwomba, tulimsihi, nikampigia kelele kwa kipaji changu chote. Akachomeka pete moja, akachomeka nyingine, akashuka, akarudi nyuma kuangalia kama limenyooka, akapanda tena. Bibi alikaa kwenye kochi la Madamu akisubiri, mkoba mapajani, akasema hili ndilo pazia la kwanza analolipenda katika nyumba hiyo, kwa kuwa analiona akiwa anatoka.

Geti lilifunguka kwa ufunguo wa Bibi bila hata kulia. Binti akasimama kizingitini. Nilikumbuka maneno ya Mama Pazia, nikamwachia mkono, sikumvuta. Akatazama barabara kushoto, akatazama kulia, kisha akapiga hatua mwenyewe. Viatu alivyochagua vilikuwa vimempita kidogo.

Sasa nikueleze mwendo wetu.

Muuza mikate wa baiskeli alitupita. Mzee mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu alitupita, akatusalimia, Bibi akaitikia na kumuuliza hali ya familia. Paka alivuka barabara, Baba Pazia akasimama, paka akaghairi, akarudi, Baba Pazia akamsubiri aamue.

"Baba," nikasema, "ongeza kidogo."

"Pole pole," akasema.

Tulipofika njia panda, gari la Madamu likaja upande wa pili. Binti na mimi tukajikunja chini ya viti kama nguo za kufua. Nikadhani tumepona. Kuinua kichwa, namwona Bibi ameshusha kioo, ameweka kofia sawa, anampungia mkwewe mkono kwa madaha yote.

"Bibi, unafanya nini?"

"Namuaga. Kuondoka bila kuaga si adabu."

Nyuma yetu breki zikalia. Gari la Madamu likawa linatafuta mahali pa kugeuzia. Baba Pazia akatazama kioo, akakaza mikono kwenye usukani, akaongeza mwendo kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Sijui aliongeza nini, maana mwenye mkokoteni tulimpita kwa taabu.

Hospitali tulifika. Muuguzi mnene mwenye miwani alimtazama binti mkono kwa jicho moja, hakuuliza habari ya foleni, akamwingiza chumba cha kidonda na kufunga mlango. Sisi tukakaa kwenye benchi la korido. Bibi alikuwa kama aliyepelekwa kwenye maonyesho. Kila aliyepita alimuuliza anaumwa nini, na kila aliyejibu alipewa pole yake na ushauri. Baba Pazia akarudi nje kukaa na gari lake. Mimi nikampigia Mama Pazia. Akasema mwanasheria yuko njiani, nisiinue sauti, nisimtazame mtu.

Sikuwa nimekata simu, Madamu akaingia; gari la Baba Pazia si gumu kulifuata. Nyuma yake askari aliyemchukua njiani, kijana mwenye macho ya mtu ambaye hajapata chakula cha mchana.

"Hawa hapa," akasema Madamu. "Huyu na mwenzake wamemteka mama mkwe wangu. Mgonjwa. Hajui hata alipo."

Watu wa benchi wakajisogeza. Askari akainama mbele ya Bibi kwa heshima. "Bibi, watu hawa wamekuteka?"

"Hapana, mwanangu," Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyewateka. Mwenye ufunguo nilikuwa mimi."

Mtu mmoja mwenye bandeji kichwani akacheka, akajishika kichwa.

Askari akajitahidi uso usimlegee. "Bibi, unajua leo ni siku gani?"

"Leo ni siku ambayo huyu amenifungia mlango kwa nje akaenda kutengenezwa kucha. Mtazame vidole, rangi bado mbichi."

Askari akatazama. Korido yote ikatazama. Madamu akaficha mikono nyuma, na kwa kuificha hivyo akapaka rangi kwenye gauni lake.

"Mama, ni kweli unamfungia?" askari akamuuliza Madamu.

"Kwa usalama wake."

"Nyumba ya nani?"

Jibu akalitoa Bibi. Alieleza habari ya saruji na maji tangu msingi, na askari akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama wima, akasema Bibi ni mtu mzima, ametoka nyumbani kwake kwa ufunguo wake, anakwenda anakotaka, na yeye haoni aliyetekwa hapa.

Nikacheka. Nilijaribu kujizuia, Mungu ni shahidi, lakini kicheko changu nacho hakijui kunong'ona.

Madamu akanigeukia. Akanitazama kama siku ile alipokuwa anachagua rangi.

"Na huyu anayecheka?" akamwambia askari. "Huyu si wa hapa. Muulize karatasi zake."

Nikavuta miguu yangu chini ya benchi.

"Dada," akasema askari, na sauti yake haikuwa mbaya, "pasipoti unayo?"

"Ninayo."

"Iko wapi?"

"Kabatini."

"Kabati la nani?"

Nikatazama sakafu. Akangoja. Alipoona kungoja hakuzai kitu, akatoa simu. "Usiondoke hapo," akaniambia, akatembea hadi mwisho wa korido, dirishani, huku anataja sura yangu na kimo changu kwa mtu wa upande wa pili.

Nyuma ya benchi letu kulikuwa na mlango wa kutokea uani. Ulikuwa wazi, umeegemezwa ndoo. Nikamwona Baba Pazia pale nje, amekaa kwenye usukani. Injini ilikuwa inanguruma. Hakuita. Aliunyanyua mkono kidogo, akaufungua mlango wa upande wangu.

Bibi naye aliuona. Akauvuta mkoba wake ili miguu yangu ipate njia. "Nenda, mwanangu," akasema. "Mimi nitakuwa nimesahau ulikoelekea."

Nikasimama.

Hapo ndipo mlango wa chumba cha kidonda ulipofunguliwa, na yule muuguzi wa miwani akatoa kichwa.

"Nani hapa anazungumza lugha ya huyu binti? Ananionyesha kwa vidole kwamba ni mafuta ya moto." Akawatazama watu wa benchi mmoja mmoja. "Mafuta hayaunguzi kwa umbo la pasi."

Mwenye bandeji akamgeukia Madamu.

"Mimi ni bosi wake," Madamu akasema haraka, akapiga hatua. "Mimi nitamsemea."

"Sikuuliza bosi," akasema muuguzi.

Nikautazama mlango wa uani. Ndoo, jua, gari, mkono wa Baba Pazia. Ningepiga hatua ndogo tu. Nyuma ya muuguzi nikamwona binti amekaa kwenye kitanda kirefu, mkono umefunuliwa mpaka begani, vile viatu vilivyompita vinaning'inia bila kugusa chini. Alikuwa ananitafuta kwa macho katika watu.

"Mimi," nikasema.

Askari akageuka, simu ikiwa bado sikioni. Akanifuata. Hakunizuia kuingia, ila na yeye aliingia, akaegemea mlango, na mlango ukafungika nyuma yake.

"Muulize," muuguzi akaniambia, "nani alimfanyia hivi."

Nikamuuliza. Binti hakunijibu. Alivitazama viatu vya askari, akapanda na macho mpaka kofia, akarudi kwangu.

"Dada," akasema, "nikisema, wewe watakuachia?"

"Anasemaje?" askari akauliza.

Swali lile sikulitafsiri. Nilikaa kando ya binti kitandani, nikamshika mkono mzima, nikamwambia, "Sema, mdogo wangu. Sema pole pole, nisikosee hata neno."